Ndege wahamiaji Mwanza: watazame Machi na Aprili, kabla hawajaondoka

Ndege wanaotoka Ulaya na Asia huanza kuingia kwetu miezi ya mwisho wa mwaka, lakini wakati mzuri kuliko yote wa kuwatazama ni kuanzia Machi hadi Aprili inapokaribia kwisha, wanapojiandaa kurudi kaskazini kuzaliana. Wengi wanakuwa wamebadili manyoya. Ndege ambaye Desemba alikuwa wa kijivu, hatofautiki na jirani yake, sasa amevaa rangi zake zote. Kwa anayeanza kujifunza hiyo ni nafuu kubwa.

Mtazame buabua mabawa-meupe. Januari ni mweupe na kijivu, ana doa jeusi nyuma ya jicho. Ikifika Aprili kichwa na mwili ni vyeusi tii, mkia mweupe, na bawa kwa juu lina weupe unaoonekana kutoka mbali. Katikati ya hapo utakuta wenye mabakamabaka. Usiwaandike kuwa ni aina nyingine. Watafute pale vijidudu vya ziwa vinapoinuka kama moshi juu ya maji, maana buabua na mbayuwayu hula humo humo.

Mbayuwayu ndio wanaowakosesha watu wengi. Mhamiaji ana koo jekundu, chini yake mkanda mpana wa buluu iliyoiva usiokatika, tumbo jeupe na nyuzi ndefu mkiani. Yule mkazi wa kando ya ziwa ana wekundu unaoshuka hadi kifuani, mkanda wake ni mwembamba na hukatika katikati, na tumbo ni la kijivu. Anza na mkanda. Mkia si ushahidi, kwa sababu nyuzi hukatika na makinda ya mwaka huwa na mkia mfupi.

Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane iko karibu kabisa na mjini, boti inaondokea Capri Point. Kisiwa ni mawe na miti: pazuri kwa furukombe, mnandi, mdiria, na yule chekeamwezi mdogo anayetikisa mkia bila kupumzika, mwenye kabari nyeupe mbele ya bawa. Lakini wengi huishia hapo tu, kisha wanalalamika kwamba hawakuona ndege wa matopeni. Hao wanahitaji tope laini na maji ya kina cha kidole, vitu ambavyo miamba haina. Nenda mwaloni, yaani wavuvi wanaposhushia samaki, kwa mfano Igombe, au kwenye kingo zenye nyasi fupi ng'ombe wanapolisha. Kitikisa njano hukaa miguuni mwa ng'ombe, na Machi dume lake huwa la manjano ya kung'aa. Kwenye dagaa walioanikwa hujaa shakwe na yangeyange. Ila kumbuka mbalamwezi: wavuvi wa taa hupumzika mwezi ukiwa mpevu, dagaa hupungua mchangani, na ndege nao hupungua.

Jua huchomoza karibu saa 12:50 asubuhi. Uwe umeshakaa kabla ya hapo, na ukae. Anayetembeatembea huwafukuza ndege wanaojaza mafuta ya safari. Ufuko wa mjini kwenye Ghuba ya Mwanza unatazama magharibi, kwa hiyo asubuhi jua liko mgongoni mwako, jioni liko machoni. Mchana upepo wa ziwani huanza, mawimbi yanainuka, na buabua aliyetua kwenye maboya humwoni tena.

Baada ya saa 4 asubuhi lipe ziwa kisogo. Tai na korongo weupe hupaa kwa kuzunguka ndani ya hewa ya moto inayotoka ardhini. Juu ya maji hewa hiyo haiinuki vya kutosha, hivyo hupita upande wa nchi kavu. Tazama juu ya vilima. Keremkerem wa Ulaya utamsikia kwanza, akipita juu sana.

Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi za mbele za upana wa milimita 42, inatosha. Ile ya 10x hutikisika mkononi, hasa kwenye boti. Irekebishe hivi: funika lenzi ya kulia, zungusha gurudumu la kati hadi jicho la kushoto lione vizuri, kisha funika ya kushoto, zungusha pete ya kulia peke yake. Usipofanya hivyo kichwa kitauma baada ya saa moja na utaisingizia darubini. Masika hii iweke begini na vifuko vya kukausha unyevu, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Usiingie kwenye maji tulivu yenye magugu: konokono wa kichocho hupenda hapo hapo, na mamba na viboko wapo. Radi ikianza, toka ufukweni na juu ya miamba.

Andika kila siku, hata siku ambayo hukumwona uliyemtafuta. Tarehe ya mwisho ya kuonekana kwa buabua au mbayuwayu haiwezi kujulikana kama waangalizi wanaandika siku zenye ndege tu. Tumia eBird, programu ya kurekodi ndege ambayo ni ya bure, au daftari: mahali, saa uliyoanza, saa uliyomaliza, idadi, na hali ya manyoya.