Wadogo zangu, bajeti ya elimu haiwasubiri Juni

Nawapenda, wadogo zangu wa utetezi, lakini mwaka huu mmenichosha. Bunge la bajeti likikaribia kufungwa, simu yangu inajaa picha zenu kutoka Mbeya, Mafinga na Njombe: fulana mpya, mabango, madai ya kuongezwa kwa fedha za elimu. Madai ni ya haki kabisa. Ila mwezi wa sita hakuna diwani wala mkurugenzi anayeweza kugusa namba hata moja, na waliowatangulia nyinyi walishajifunza hivyo kwa gharama. Basi nayaandika, myasome kabla ya kuchapisha fulana nyingine.

1. Kalenda kwanza. Mwongozo wa bajeti ukitoka, vijiji vinaibua vipaumbele kwa O&OD, ule utaratibu wa wananchi kutaja fursa na vikwazo vyao; vinapanda WDC, yaani kamati ya maendeleo ya kata, vinaenda Baraza la Madiwani, RCC, yaani kamati ya ushauri ya mkoa, halafu Tamisemi, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Aprili waziri wa Tamisemi anasoma bajeti yake bungeni Dodoma, Julai mosi mwaka mpya wa fedha unaanza. Kama unataka darasa la awali au choo cha wasichana, muda wako ni Novemba hadi Januari, wakati huku kwetu mvua imeshika na watu wanahangaika na mahindi. Vikao vya miezi hiyo vinakuwa na watu wachache na matope mengi. Nendeni hivyo hivyo.

Hili nalijua kwa machungu. Tulikuwa kwenye kata moja ya chai, Rungwe. Akina mama wachuma chai wanaingia shambani ukungu haujaondoka. Mtoto wa miaka mitatu anaachiwa dada yake wa darasa la tatu, na siku hiyo dada haendi shule. Kwa nyumba kama hiyo huwezi kutenganisha malezi na elimu. Tukaandika ombi la mambo mawili: darasa la awali jirani na mashamba, na kituo cha kulelea watoto mchana. Wengi waliweka dole gumba. Vidole vya mchuma chai vinaiva weusi kwa utomvu, wino wa muhuri hauonekani vizuri juu yake. Mama mmoja alifuta dole lake kwenye kanga, akalitazama, akabonyeza tena kwa nguvu, maana hakutaka mtu aje kusema alama ile haina mwenyewe.

Karatasi zile nilikabidhiwa mimi. Nikazikalia. Nilitaka saini ziongezeke, nilitaka zichapwe vizuri, na zaidi ya yote nilitaka kuzikabidhi siku ambayo waandishi wa habari watakuwepo. Nilipozifikisha ilikuwa Mei. Diwani alinipokea vizuri, akafungua kitabu cha bajeti kwenye kata yake, akanionyesha kwa kidole yaliyopitishwa. Ombi letu halikuwemo. Akasema lingefika WDC ya Januari angesimama nalo, na nilimwamini, kwa sababu hakuwa na haja ya kunidanganya.

Kilichonitesha zaidi ni kwamba sikurudi upesi kuwaambia. Niliona aibu, nikangoja, wakasikia kwa mtendaji. Mkutano niliouitisha baadaye walikuja wazee wachache na watoto. Yule mama nilikutana naye njiani, kikapu mgongoni. "Mwanangu, ungetuambia mapema, tungeenda wenyewe." Akaendelea na safari yake. Mtoto wa miaka mitano akikosa mwaka mmoja, awali yote imempita, anaingia darasa la kwanza hajui hata kushika penseli. Wale watoto nawafahamu kwa majina. Bado inaniuma.

2. Ombi lipite kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule wa kila miezi mitatu, na liingie kwenye muhtasari. Msiondoke bila nakala yenye muhuri wa VEO, mtendaji wa kijiji. Na anayesimama kusema awe mzazi wa hapo, si wewe uliyeshuka kwenye basi asubuhi.

3. Jueni kwa kichwa ruzuku ambayo serikali inazipa shule. Shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka ni kiwango cha enzi za MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, 2002. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, kiwango kilikuwa kile kile. Shule ya watoto 600 inahesabiwa milioni 6 kwa mwaka, na sehemu inabaki serikalini kwa ajili ya vitabu. Kamwulize mwalimu mkuu bei ya boksi la chaki ilikuwa ngapi mwaka 2002, halafu uniambie kama kuna hoja nzito kuliko hiyo. Nimeona mzee mmoja wa kamati ya shule, Kilolo, akipiga hesabu hiyo kwa kijiti kwenye vumbi mbele ya wenzake, na mkutano mzima ukanyamaza kumfuatilia. Hakuwa na projekta. Nyinyi mna projekta, mna vipeperushi, na mwanzoni mnasahau hata kusema "kamwene", salamu ya watu wa huko.

Takwimu mkinyimwa, andikeni barua kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ofisi ina siku 30 za kujibu.

4. Vituo vya kulelea watoto: muoneni afisa ustawi wa jamii kabla ya kumwona diwani, na mtaje PJT-MMMAM, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa sababu hiyo ni programu ya serikali yenyewe, haikubuniwa na asasi yenu.

5. Maandamano. Kukusanyika kwa amani kumo kwenye Ibara ya 20 ya Katiba. Sheria ya Polisi, Sura ya 322, inataka mtoe taarifa saa 48 kabla, mkitaja mahali, saa na madhumuni. Barua zenu za "tunaomba kibali" ziandikeni upya ziwe taarifa, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Mkikatazwa, ombeni katazo kwa maandishi, mkae na wakili, msikimbilie barabarani kwa hasira.

Na jambo moja limenikasirisha kweli: mpango wenu wa kuwatanguliza mbele akina mama wenye watoto mgongoni ili picha ipendeze. Ufuteni. Mama akiamua mwenyewe kutembea, atembee, lakini awe ameshaambiwa njia mtakayopita, saa ya kumaliza, nani ana namba ya wakili, na nani atabaki na mtoto wake.