Mafundi wapya, itazameni Apollo 13 kwa jicho la kazi

Wadogo zangu mnaoanza ufundi, iwe jenereta, mitambo ya kiwandani au mashine za hospitali, tafuteni Apollo 13, ile filamu ya 1995 ya Ron Howard ambayo Tom Hanks anacheza kama kamanda Jim Lovell. Ni kisa cha kweli cha Aprili 1970, Wamarekani watatu wako njiani kwenda mwezini, tangi la oksijeni likalipuka wakiwa kama kilomita 320,000 kutoka duniani, habari ya kutua mwezini ikaishia hapo, kilichobaki ni kurudi hai.

Wengi mtaipenda ile sehemu ya vichujio vya hewa na kweli ni tamu. Jamaa wamehamia kwenye kile chombo kidogo cha kutulia mwezini, kimeundwa kwa watu wawili kwa siku mbili hivi, sasa wamo watatu na safari ni siku nne, hewa chafu inajaa. Vichujio vya akiba vya chombo kikubwa walichohama vipo ila ni vya mraba na huku matundu ni ya duara. Huko Houston, kwenye kituo cha kuongozea safari duniani, wakamwaga mezani vitu vilevile vilivyopo kule juu, mifuko ya plastiki, makava ya vitabu, mipira ya suti, tepu, wakaunda kitu, halafu wakawasomea wale wenzao kwa redio hatua moja moja. Ukiwa kwenye simu na mwenzako aliyeko saiti ongea hivyohivyo, taja kitu, upande, kipimo.

Ila ninachotaka mkishike zaidi filamu imekigusa kwa sentensi chache tu mwishoni, nacho ni chanzo. Hita ya lile tangi ilikuwa na swichi za usalama za volti 28. Baadaye ikaagizwa mfumo uhimili volti 65 za pale uwanja wa kurushia, swichi zikabaki zilezile na waliokagua hawakuona. Wiki mbili hivi kabla ya kuruka tangi likagoma kutoa oksijeni ya kimiminika kwa njia ya kawaida, wakawasha hita masaa kadhaa ili ichemke itoke, swichi zikagandana zikashindwa kukata umeme, joto likapita nyuzi 500, ganda la nyaya likaungua, na nyaya hizo ndizo zilizokuja kutoa cheche kule angani tangi likalipuka. Na muda wote huo geji inaonyesha kawaida tu, kwa sababu haikuwa na uwezo wa kusoma zaidi ya nyuzi 30 hivi! Inaniuma sana hiyo, maana aliyekuwa zamu alikuwa anaiangalia. Hata Lovell aliambiwa habari za tangi, akakubali waende nalo.

Kwa hiyo ukikabidhiwa mtambo uliza kwanza geji inaishia ngapi, ndo uje kwenye inasoma ngapi. Sindano ikisimama palepale wakati unajua hita iko on, shuku, chukua kipimo kingine uhakikishe. Kifaa kikigoma kama lile tangi usikilazimishe ili kazi ipite, andika kwenye kitabu cha zamu na mpigie mkubwa wako hata kama ni saa nane usiku. Na siku mkipandisha volti sehemu yoyote fuata waya mpaka mwisho, soma kibandiko cha kila swichi kwa macho yako, michoro ya ofisini mara nyingi ni ya zamani.