Muulize Fundi: Jeshi Kubwa, Mfuko Mtupu

SWALI: Salamu, Fundi. Binamu yangu wa Kakamega akija kwetu Langa Langa likizoni, tunaunganisha kompyuta mbili kwa waya na kucheza Warcraft III, ule mchezo wa kujenga kambi na kupiganisha majeshi. Tangu aje na ile nyongeza, The Frozen Throne, ananichapa kila mara. Mimi huchukua kabila la Orc, na jeshi langu huwa kubwa kuliko lake, lakini dhahabu huniishia yeye akiwa bado ananunua askari. Je, ananidanganya? Tena siku hizi kompyuta yangu haioni mchezo anaofungua. – Msomaji, Nakuru

JIBU: Mdogo wangu, mwondolee binamu yako lawama. Dhahabu yako inaliwa na jeshi lako mwenyewe. Vijana wanaokuja kucheza hapa kwangu Kondele huniletea lalamiko hilohilo, na kila mara nawaonyesha kona ya juu kulia ya skrini. Kuna maandishi madogo pale: kwanza ya kijani, kisha manjano, mwisho mekundu. Hiyo ni kodi ya jeshi. Yakiwa kijani, Peon (mfanyakazi wako) akitoka mgodini na dhahabu 10, unapata zote 10. Yakigeuka manjano unapata 7. Yakiwa mekundu, 4 tu, na mgodi unapungua kwa 10 vilevile! Yaani safari 100 za Peon zilizokuwa zikuletee 1,000 zinakuletea 400.

Katika mchezo wa awali wa mwaka 2002, kodi ilianza ukipita chakula 40 (kila mtu wako, hata Peon, hula kiasi fulani), ikapanda ukipita 70, na mwisho wa jeshi ulikuwa 90. Nyongeza ilipotoka mwaka 2003, mipaka ikasogezwa: 50, 80 na 100. Watu husifu mashujaa wapya na wale Naga wa baharini, nami nawapenda, lakini kwangu mimi hizi nafasi 10 ndizo zilizobadilisha mchezo, kwa sababu kila shujaa hula chakula 5.

Sasa tupige hesabu yako. Shujaa mmoja 5, Peon kumi na watano 15, Grunt (askari wa Orc) kumi kwa chakula 3 kila mmoja ni 30. Jumla 50 kamili, bado kijani. Ukimwongeza Grunt mmoja tu umefika 53, na karibu theluthi ya mapato imekwenda. Ningekuwa wewe, ningepunguza Grunt wawili, nipandishe ngome kuwa Stronghold, kisha nimchukue Shadow Hunter awe shujaa wa pili. Jeshi linakaa 49, na una mtu wa kuponya majeruhi katikati ya vita. Jenga pia Voodoo Lounge, duka ambalo Orc hawakuwa nalo kabla ya nyongeza. Dawa ya Healing Salve ni dhahabu 100 na unaitumia mara tatu. Grunt mpya ni 200. Kumtibu wa zamani ni nafuu, tena ukimwokoa unamnyima adui uzoefu ambao shujaa wake angepata kwa kumuua.

Sisemi usivuke 50 kamwe. Vuka, lakini ukiwa umeshaweka akiba na uko tayari kutoka kwenda kupigana. Kukaa nyumbani na jeshi la chakula 80 likisubiri ndiko kunakokufilisi.

Kuhusu kompyuta kutoonana: hakikisheni nyote mmeingia kupitia The Frozen Throne, maana aliye kwenye mchezo wa awali hamwoni aliye kwenye nyongeza. Kisha linganisheni nambari ya toleo kwenye menyu kuu. Mmoja akiwa amesasisha na mwingine hajasasisha, hata waya uwe mpya hamtaonana.

Kuna kampeni (hadithi ya kucheza peke yako) ya shujaa Rexxar ndani ya nyongeza hiyo, na ni tamu mno kwa mpenzi wa Orc. Icheze, ila sehemu kubwa yake ni safari ya shujaa, kwa hiyo haitakufunza kulinda mapato.

Mkimaliza mechi ijayo, hifadhi marudio yake kabla binamu hajarudi Kakamega. Yatazame ukiwa peke yako, umfuate yeye, uone ni dakika gani anavuka 50. Dakika hiyo ndiyo anayojiandaa kukuvamia, na Grunt wako wanapaswa kuwa wamesharudi nyumbani.