Korongo taji wa uani

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, wanaofuga korongo taji nyumbani waamriwe kuwaachia?" Ndiyo, tena leo hii. Ila uani ndiko anakoishia ndege huyu. Mambo huanzia kwenye matete.

Kiota chake ni majani na ndago zilizolazwa katikati ya kinamasi, na maji yanayokizunguka ndiyo ukuta wake. Mayai mara nyingi ni mawili au matatu, dume na jike huyaatamia kwa zamu siku 28 hadi 31. Kinda hushuka kiotani mapema mno, lakini haruki mpaka apite miezi miwili, pengine mitatu na siku zake. Muda wote huo anatembea kwa miguu. Chimba mtaro, kausha maji upande kabeji, na mbwa atafika pale bila kulowa. Kijana wa kuuza makinda naye vilevile. Anayetaka kukata majani ya ng'ombe asubiri miezi minne hivi tangu mayai yaonekane.

Sasa Rwanda, maana huwezi kujibu swali hili ukairuka. Huko umusambi, ndivyo Wanyarwanda wanavyomwita korongo taji, akiwa uani alikuwa alama ya utajiri na maisha marefu, hata mahotelini walikuwepo. Mwaka 2014 daktari wa mifugo Olivier Nsengimana alianza kazi ya kuwatoa humo. Wenye ndege waliambiwa wajiandikishe bila kushtakiwa, na wakajitokeza: ndege zaidi ya 200 wakaandikishwa. Laiti wangetishwa kwanza, ndege wangefichwa au kuchinjwa usiku.

Kisha likaja suala la mabawa, na hapa wengi hukosea. Mfungue bawa. Bawa zima lina weupe mbele, kahawia nyuma, na manyoya meusi marefu ya kurukia nchani. Ukikuta vishina vya manyoya vimekatwa kwa mkasi, hiyo ni nafuu: atanyonyoka, yataota mapya, ataruka. Ukikuta weusi haupo kabisa upande mmoja na bawa limeishia butu, kiungo chenyewe kilikatwa, na hakioti tena. Wazima walipelekwa hifadhi ya taifa ya Akagera baada ya kupimwa magonjwa, wakaachiwa zaidi ya 150. Vilema wakatengewa kijiji cha Umusambi pale Kigali.

Kwa hiyo ile "leo hii" yangu naipunguza makali. Waandikishwe leo, ndiyo. Kuachiwa ni baada ya daktari kushika bawa, na pawepo kinamasi chenye maji cha kuwapokea. Bila hicho, mnawahamishia njaa tu. Na vilema, samahani, wabaki ndani ya uzio. Ndege hawa wana kidole kirefu cha nyuma cha kushikia tawi, ndiyo maana usiku hulala juu ya mti. Asiyeweza kuufikia mti hulala chini, na fisi hupita huko huko.