Kurudisha Kimo cha Nyuma cha Land Rover 109: Pima Kabla ya Kufungua, Kaza Magurudumu Yakiwa Chini

Gari langu ni Land Rover 109, pikapu ya Series III, toleo lililotengenezwa kati ya 1971 na 1985, na kazi yake kubwa ni kubeba mapipa ya maji na magunia. Springi zake za nyuma, ambazo ni mabamba ya chuma yaliyopindwa na kupangwa moja juu ya jingine, hazikuchoka kwa siku moja. Kwanza taa za mbele zilianza kumulika matawi ya miti badala ya barabara. Baadaye, kila nilipopakia mzigo wa kawaida, ekseli ikawa inagonga raba za chesisi, yaani vile vipande vya mpira vilivyo chini ya fremu ya gari ili kuzuia chuma kugonga chuma, kwenye mashimo ya njia ya Mto wa Mbu kwenda Engaruka, na mshindo wake ukipanda hadi kwenye usukani. Nilipoliegesha kwenye sakafu ya zege na kurudi nyuma hatua kumi, niliona jambo jingine ambalo nilikuwa nimelizoea hadi sikuliona tena: gari lilikuwa limelala upande wa dereva, bega moja limeshuka kama la mchukuzi.

Ushauri wa bure haukukosekana. Mmoja alisema niongeze bamba moja kila upande, mwingine akasema niweke kipande cha chuma kati ya ekseli na springi, na wa tatu akanishawishi nibadilishe sheko, yaani vile vipande viwili vya chuma vinavyoning'iniza ncha ya nyuma ya springi kwenye chesisi, niweke ndefu zaidi. Kwa kuwa sheko ndizo zilizokuwa za bei nafuu, nilianza nazo, na hapo ndipo nilipolipa ada ya somo la kwanza.

Sheko zilizoongezwa urefu wa inchi 2 hazipandishi gari inchi 2. Ekseli imefungwa karibu na katikati ya springi, na ncha ya mbele ya springi haijasogea popote, kwa hiyo unachopata ni takriban inchi 1. Hilo ningeweza kulivumilia. Tatizo ni kwamba springi nzima huinama kuelekea nyuma, ikaigeuza ekseli pamoja nayo, na pua ya difu, lile boksi la gia lililo katikati ya ekseli, ikaanza kutazama juu. Pembe za viungio viwili vya propela, yaani ile shafti inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi kwenye difu, zinatakiwa kulingana ili kila kimoja kifute mtikisiko wa mwenzake, lakini hapo huwa hazilingani tena. Kuanzia mwendo wa kilomita 60 kwa saa sakafu ya gari langu ilikuwa ikivuma kama mashine ya kusaga. Fundi alipendekeza tuweke kabari za chuma kati ya ekseli na springi ili kuirudisha difu mahali pake, na ni kweli kabari hufanya kazi hiyo, lakini sikuona sababu ya kununua dawa ya ugonjwa nilioununua mwenyewe wiki mbili zilizopita. Nilirudisha sheko za zamani.

Kuhusu kile kipande cha chuma, mtu achungulie uvunguni kabla ya kutoa fedha. Kwenye 109 ekseli imekaa juu ya springi, na sahani inayoshikwa na yubolti, yaani bolti zenye umbo la U zinazofunga ekseli na springi pamoja, iko chini kabisa. Ukipachika kipande kati yao, gari linashuka badala ya kupanda. Kinapandisha kwenye magari ambayo springi imelala juu ya ekseli, na nadhani aliyenishauri alikuwa na gari la aina hiyo akilini.

Baada ya hapo nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwanzoni: nilichukua futikamba. Usipime kutoka ardhini hadi kwenye ukingo wa bodi, kwa sababu humo utakuwa umepima pia upepo wa matairi, uchakavu wa matairi na bodi ambayo huenda haijakaa sawa juu ya chesisi tangu ilipogongwa zamani. Jaza upepo sawa kushoto na kulia, liweke gari mahali tambarare likiwa tupu, lisukume nyuma na mbele mita chache ili springi zilegee, kisha pima pengo kati ya ekseli na raba ya chesisi iliyo juu yake. Langu lilikuwa sentimita 8 kushoto na 5 kulia. Niliandika namba hizo kwa chaki ukutani pamoja na tarehe, na zimenisaidia kuliko maneno ya watu wote niliowauliza.

Kabla ya kuinua gari, kuna tahadhari ambayo wenye magari ya kisasa hawaijui. Breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu. Inashika propela ya nyuma pale inapotokea kwenye gia boksi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu inaliruhusu lile la juu lizunguke bure, na gari linaweza kuondoka hata kama breki umeivuta hadi mwisho. Weka mawe au vigogo mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, kisha chesisi uikalishe kwenye stendi imara. Jeki ni ya kuinulia tu, si ya kulalia chini yake.

Tulipoziteremsha springi, maelezo ya kila kitu yalikuwa mezani. Mabamba yalikuwa yameshikana kwa kutu kiasi kwamba springi haikuwa ikiteleza bali ilikuwa ikifanya kazi kama nondo moja nene, na bamba la tatu la upande wa kulia lilikuwa limekatika karibu na senta bolti, ile inayoyafunga mabamba pamoja katikati, mahali ambapo huwezi kuona kwa macho hadi ufungue. Tulipozilaza springi mbili ubavu kwa ubavu, tuligundua pia kwamba ile yenye upinde mkubwa zaidi ilikuwa imefungwa upande wa abiria. Kiwandani springi za kushoto na kulia hazikupindwa sawa, kwa kuwa dereva na tangi la mafuta lililo chini ya kiti chake hukaa upande mmoja. Yenye upinde mkubwa ni ya upande huo. Mtu fulani, miaka mingi kabla yangu, alizibadilisha bila kujua, na gari likalala tangu siku hiyo. Kwa hiyo, kama gari lako limeinama upande mmoja, linganisha springi zako kwanza. Huenda tiba ikawa kuzibadilishana tu.

Springi iliyolala inaweza kurudishiwa upinde. Mafundi wanaofanya hivyo kwa nyundo, bamba moja baada ya jingine likiwa baridi, wanafanya kazi ya haki, ingawa upinde huo haudumu kama wa springi mpya. Anayewasha moto wa gesi na kulipasha bamba hadi liwe jekundu mwachie springi zake, kwa maana chuma cha springi kina ugumu wake kilichopewa kwa joto na kupozwa kwa kipimo, na moto wa kienyeji unauondoa. Bamba hilo litapinda vizuri mbele yako na kunyooka baada ya safari mbili. Kulehemu bamba lililokatika sikulizungumzii kabisa. Mimi nilibadilisha lile lililokatika, mengine nikayasugua kwa brashi ya waya hadi yakang'aa, nikayapaka grisi yenye grafiti na kufunga kwa senta bolti mpya. Bamba la ziada sikuweka, kwa kuwa mara nyingi gari langu hurudi tupu, na springi ngumu isiyo na mzigo hurukaruka kwenye barabara yenye mawimbi hadi nyuma inataka kutangulia mbele.

Sasa nieleze kosa langu kubwa, ambalo nimeliona likifanywa gereji baada ya gereji. Bushi za springi hizi, zinazokaa kwenye matundu ya ncha za springi mahali bolti zinapopita, zina bomba la chuma ndani, bomba nje, na mpira uliogandishwa kati yao. Bolti ikikazwa, bomba la ndani linabanwa lisizunguke, na mwendo wote wa springi unachukuliwa na kujipinda kwa mpira. Sisi tulikaza kila kitu gari likiwa kwenye stendi, ekseli ikining'inia. Kijana aliyekuwa akinisaidia aliuliza, "Mzee, hizi za mbele ya springi nazikaza kabisa?" Nikamjibu akaze. Tulipolishusha, gari lilisimama juu kiasi cha kunifurahisha. Pengo lilikuwa sentimita 13. Nilipiga picha. Kumbe mpira ulikuwa umepindwa tangu dakika ya kwanza na ndio uliokuwa ukilibeba gari pamoja na springi. Baada ya wiki tatu nilisikia mlio wa kukwaruza, na nilipochungulia nikakuta mpira wa bushi ya kushoto umechanika na kutokeza kama ulimi.

Utaratibu sahihi ni kuziingiza bolti za bushi na kuzikaza kwa mkono tu, kukaza yubolti kwa mshazari, kushusha gari kwenye magurudumu yake, kulisukuma nyuma na mbele, kusimama juu ya bampa ya nyuma na kuruka mara kadhaa, halafu kuingia uvunguni na kukaza bolti za bushi gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Yubolti za zamani usizirudishe, maana nyuzi zake zimekwisha kuvutika. Hata zile mpya zirudie kuzikaza baada ya kilomita 150 hivi.

Kimo kikipanda, angalia mpira wa breki unaotoka kwenye chesisi kwenda kwenye ekseli. Ning'iniza ekseli hadi mwisho na uushike kwa mkono. Ukiwa umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, hautoshi. Shokapu nazo zisiwe fupi kiasi kwamba ndizo zinazozuia ekseli kushuka. Na asikudanganye mtu kwamba shokapu mpya za kawaida zitapandisha gari: kazi yake ni kutuliza mrukoruko, si kubeba uzito.

Nilipopima tena, baada ya bushi mpya na mwezi mzima wa safari, nilipata sentimita 11 kushoto na 10 na nusu kulia gari likiwa tupu, na 6 kila upande likiwa na mapipa 2 ya maji. Namba hizo ziko ukutani, chini ya zile za kwanza.