Barua kwa mwanangu: Fundi bomba aliyetunga opera

Kibokoni, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima. Mamako magoti yanamsumbua lakini ulimi haujambo. Kitabu ulichonitumia kwa basi nimekimaliza, hiki cha Philip Glass, mtunzi wa muziki wa Marekani, alichoandika mwaka 2015 kuhusu maisha yake, na ile karatasi uliyoichomeka ndani nimeisoma pia. Umeniuliza: "Baba, niache kazi ya bima nitunge muziki tu, au nitakuwa kichekesho?" Ukaongeza kwamba yuko mtu wa filamu anayeutaka muziki wako wa fidla na piano, na ameshakuletea mkataba. Nitakujibu yote mawili. La mkataba nitaliweka mwisho, maana ndilo linalonitia wasiwasi zaidi.

Mtu huyu nimempenda, nisikufiche. Muziki wake bado. Ule uliouweka kwenye simu yangu, mara ya kwanza nilidhani simu imekwama. Lakini ni fundi bomba mwenzangu.

Kile kisa chake cha New York nakijua kwa moyo sasa. Yuko kwenye nyumba moja mtaa wa SoHo anafunga mashine ya kuoshea vyombo. Kuinua kichwa, anamwona Robert Hughes, mhakiki wa sanaa wa jarida la Time, kamkodolea macho. "Wewe ni Philip Glass! Unafanya nini hapa?" Akamjibu kwamba anafunga mashine na karibu atamaliza. Yule bwana akashikilia: lakini wewe ni msanii! Akaambiwa naam, ni msanii, ila mara nyingine ni fundi bomba pia, basi aondoke amwache amalize kazi. Nilicheka mpaka mamako akaja kuniangalia. Mimi wenye nyumba hunisimamia vivyo hivyo nikiwa chini ya sinki, spana mkononi, katani ya kufungia uzi wa paipu mdomoni, siwezi hata kujibu salamu. Ila hakuna aliyewahi kushangaa kunikuta pale.

Kuzaliwa alizaliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1937. Babake alikuwa na duka la santuri, na zile zisizonunulika alikuwa akizibeba nyumbani usiku, azisikilize ajue zina kasoro gani. Alizisikiliza mpaka akazipenda, na mtoto naye akakulia humo. Chuo Kikuu cha Chicago kilimchukua ana miaka 15, akasoma hesabu na falsafa. Alipotaka kwenda New York kusomea muziki, mamake alimwambia ataishia kama mjomba Henry, mpiga ngoma, wa kulala hotelini mji huu na mji ule maisha yake yote. Mamako hapo alisema, "Huyo mama ana akili." Nakuandikia ili ujue upepo wa nyumba hii unavumia wapi.

Basi akafanya kazi kwenye kiwanda cha chuma, akaweka akiba, akaenda shule ya muziki ya Juilliard huko New York. Kisha mwaka 1964 akavuka kwenda Paris kwa Nadia Boulanger, mwalimu mkali ambaye watunzi wa Marekani walikuwa wakimwendea kwa vizazi. Yeye ana shahada zake mkononi, mama yule akamrudisha kwenye mazoezi ya msingi kama mwanafunzi wa kwanza. Ungekubali wewe? Nadhani ungekubali, ukorofi wako ni wa nyumbani tu.

Lakini huko huko Paris ndiko palipotokea jambo lililonifanya niweke kitabu chini nikazunguka ua. Alipewa kibarua cha kuandika noti za muziki wa Ravi Shankar, mpiga sitar (ala ya nyuzi) wa India, ili wanamuziki wa Ulaya waupige kwa ajili ya filamu. Shankar anaimba, yeye anaandika, akigawa muziki kwa vile vistari vya kusimama kama mnavyofundishwa. Wakijaribu kupiga, Alla Rakha, mpiga tabla, zile ngoma mbili za Kihindi, anakataa: mkazo umekaa pasipo pake. Anasogeza kistari, mkazo unahamia pengine, tabla inakataa tena. Mwishowe kwa hasira akafuta vistari vyote. Zikabaki noti zimejipanga mfululizo, na hapo ndipo akaona kwamba mapigo yale yanajumlishwa mawili na matatu, yanakua yakizunguka, hayakatwi vipande. Karibu kila alichotunga baadaye kimeanzia hapo. Nilipousikiliza tena ule muziki nikijua hivyo, haukukwama. Sisi watu wa pwani tabla tumeisikia katika taarab tangu utotoni, Juma Bhalo akiimba kwa mahadhi ya Kihindi harusini na watu wakitunza, na hakuna aliyehitaji kwenda Paris. Wewe umekulia kwenye hayo masikio. Sijui kwa nini katika hizo kazi zako ulizonitumia sijayasikia.

Tuje kwenye swali. Glass alirudi New York mwaka 1967, akaunda kundi lake mwaka uliofuata, na akaishi kwa kuhamisha vyombo vya watu, kufunga mabomba na kuendesha teksi. Teksi usiku, kutunga mpaka alfajiri, kupeleka watoto shule, ndipo alale. Novemba 1976 opera yake, yaani mchezo wa jukwaani wa kuimbwa, Einstein on the Beach, aliyoifanya na mwongozaji Robert Wilson, ilipigwa katika jumba la Metropolitan Opera. Muda wa karibu saa tano bila mapumziko, jumba limejaa. Baada ya hapo wakabaki na deni kubwa, naye akarudi kwenye usukani. Siku moja abiria, mwanamke aliyevaa vizuri, alisoma jina lake pale mbele ya gari akamwambia: kijana, unajua una jina moja na mtunzi mashuhuri sana? Alikuja kula kwa muziki peke yake ana miaka 41.

Kwa hiyo kichekesho si kuwa na kazi. Kazi mbi si mchezo mwema. Ninachokuuliza mimi ni hiyo kazi yako inakuachia nini. Yeye alizikwepa kazi za kufundisha chuo kikuu, zenye heshima na mshahara, akachagua zile ambazo ukizimaliza zimekwisha. Mimi nikifunga koki na isipovuja, usiku huo siiwazi. Wewe ukija likizo, simu ya ofisi inalia tuko mezani, na saa nne za usiku unajibu watu wa madai. Hiyo ndiyo ningeiacha, tena si kesho. Tafuta kwanza ya saa chache, hata kama cheo kitashuka, hata kama shangazi zako watasema. Watu wanaosema kazi za mikono hazihitaji kichwa waje niwaonyeshe mabomba ya Mji wa Kale yaliyoliwa na chumvi. Lakini kichwa chenyewe jioni unarudishiwa.

Kazi iliyomtoa kwenye teksi ilikuwa opera iliyoagizwa Uholanzi, Satyagraha, ikapigwa Rotterdam mwaka 1980. Inamhusu Gandhi akiwa Afrika Kusini, nayo inaimbwa kwa Kisanskriti. Gandhi huyo akienda huko mwaka 1893 meli yake ilitia nanga Lamu, kisha hapa Mombasa. Mtunzi akitafuta kisa, bandari yetu imepitisha vingi.

Sasa mkataba. Umesema unalipwa mara moja, na wao wanachukua "haki zote, daima, duniani kote". Usitie sahihi. Glass hata akiwa hana kitu hakuachia kazi zake: kwa miaka mingi aliyetaka kuzisikia ilibidi aliite kundi lake, na baadaye akawa na kampuni yake mwenyewe ya kuchapisha. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001, muziki wako ni mali yako maisha yako yote na miaka 50 baada yako. Mimi nikienda kazini kwa mtu, bomba namwachia, spana narudi nayo. Wape ruhusa ya kuutumia kwenye filamu hiyo moja, iandikwe, na jina lako lionekane. Wakikataa, mwambie huyo bwana nitakuja Nairobi nizungumze naye, na kabla ya hapo nipigie picha kurasa zote za mkataba, hasa zile za herufi ndogo, unitumie leo.

Babako