Kifaranga wa sato si sato mdogo tu: angalia chumvi yake

Wafugaji wengi wa samaki hapa Kasese, magharibi mwa Uganda, wakileta vifaranga vya sato (tilapia) kutoka Kajjansi, karibu na Kampala, vikianza kufa siku ya pili au ya tatu lawama zote humwangukia muuzaji. Mimi huuliza kwanza habari za maji na chumvi.

Damu ya samaki ina chumvi kiasi cha gramu 9 kwa lita, kuliko maji ya bwawa kwa mbali sana. Basi usiku na mchana maji yanamwingia, chumvi inamtoka. Sato mkubwa anaimudu hali hiyo: figo zinatoa mkojo mwingi mwepesi, na matamvua yanafyonza chumvi majini na kuirudisha mwilini. Kifaranga aliyeanguliwa jana matamvua yake bado hayajaiva. Seli za kufyonza chumvi zimetapakaa kwenye ngozi yake na juu ya kile kifuko cha kiini kinachoning'inia tumboni. Kazi huhamia kwenye matamvua kadiri anavyokua. Hata baada ya hapo, kimwili kidogo kina ngozi nyingi kuliko uzito wake, kwa hiyo maji yanamwingia upesi.

Jamani, msiwashike kwa mikono mikavu wala kuwarundika kwenye wavu. Ute ukibanduka, chumvi inavuja, na utamwona kifaranga akilala ubavu huku anahema ingawa hewa majini ipo.

Safarini mimi hutia gramu 3 za chumvi kwa kila lita. Jerikeni la lita 20 linachukua gramu 60, zilizopimwa kwa mizani. Tofauti kati ya damu na maji inapungua kwa theluthi, naye anapumua. Tumia chumvi ya kawaida ya jikoni. Ziwa la chumvi la Katwe ni jirani yetu na chumvi yake ni riziki ya watu wengi, lakini imechanganyika na magadi, haifai kwa vifaranga.

Maji ya mvua ya tangi nayo yana hatari yake: chumvi karibu hamna, chokaa hamna, na chokaa ndiyo inayozuia matamvua yasivujishe. Changanya na maji ya kisima.

Na kipimo cha chumvi cha kuwaogeshea sato wazazi usikihamishie kwa vifaranga. Uwezo wa sato kustahimili chumvi huongezeka kadiri mwili unavyokua, na dawa ya mama inaweza kumuua mwanawe.